Injinia wa Viazi

Makambako,
Jumapili.

Dada yangu Rehana,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Kondoa, na goti limekupa nafuu. Sisi tu wazima, ila baridi ya huku haina adabu. Nakuandikia nikiwa nimevaa koti na juu yake blanketi. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu mimi husema uongo, unanijua.

Umetaka neno langu, mjomba mtu, kuhusu huyo Idrisi anayemposa binti yako Ashura. Haya, lipokee.

Ni Msudani. Alikuja kujenga matangi ya maji Wanging'ombe, mkataba ukaisha, kwao kuna vita, akabaki. Mtu amekesha na vitabu, amesimamia zege na nondo, halafu anakodi banda hapa Makambako na kununua viazi! Injinia gani huyo? Kiswahili chake nacho, akiomba chumvi utadhani anasoma taarifa ya habari.

Na hivyo viazi hajui hata kuvinunua. Sisi wanunuzi tunataka lumbesa: gunia likijaa, unalishonea neti juu, unaongeza viazi mpaka linaota kichwa, na mkulima analipwa gunia moja tu. Ndivyo nilivyokuta nilipohamia hapa, na ndivyo nilivyojenga nyumba hii anayokaa Ashura kwangu. Yeye akaleta mzani. Akatangaza kwamba gunia lishonwe usawa wa mdomo na kila kilo ilipwe. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikawaambia wenzangu kwamba mgeni huyo hamalizi msimu.

Wakulima wakamfuata kama kondoo. Hata Mikaeli, Mbena mmoja mpole wa kule Njombe aliyeniuzia mimi miaka tisa, alipita mbele ya banda langu na gari limejaa, akanipungia mkono.

Sasa hilo ulilosikia, kwamba Idrisi alikamatwa kwa kuwaibia wakulima, ni kweli alikamatwa. Mikaeli alikuwa amepima magunia yake kwao kabla ya kuyaleta. Kwenye mzani wa Idrisi kila gunia likapungua kilo kumi na mbili. Wakamwita mwizi, akalala polisi siku mbili. Ashura alimpelekea chakula, akarudi macho yamevimba. Nawe ukamwambia kwamba hataolewa na mwizi, labda mimi nimshuhudie huyo bwana kwa wema.

Dada, chini ya sahani ya mzani ule kulikuwa na kipande cha mbao, kikabeba sehemu ya uzito. Nilikichomeka mimi. Ilikuwa Ijumaa, Idrisi yuko msikitini, mahali nilipopaswa kuwa mimi pia. Na nilikichomoa mwenyewe wakati watu wakimsukuma kwenda polisi, hivyo hakuna aliyekiona.

Alipoachiwa alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu. Hakukaa. Aliniambia, "Mjomba, wewe unawajua watu wa hapa. Ni nani ananichukia hivi?"

Nikamtajia Mikaeli.

Akanishukuru, Dada. Akaniinamia na kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Nimemdharau mtu huyu tangu mwanzo wa barua, na bado namdharau kwa jambo moja, kwamba aliniamini. Mwizi wa viazi hapa Makambako ni mimi, na nimekuwa mwizi tangu lumbesa yangu ya kwanza. Muoze binti yako. Neno langu kama mjomba usilihesabu tena.

Msalimie shemeji, na mabinti wote uwabusu kwa niaba yangu. Bahasha sijaifunga. Ashura ndiye ataipeleka posta, nami nimempa karatasi ya kwanza aisome kabla. Yuko sebuleni sasa hivi, nasikia karatasi inageuzwa, nami namalizia hii ya pili.

Mdogo wako,
Halfan