Mguu Wenye Chuma na Mguu Wenye Ganzi

Jumatatu, 3 Februari
Dawa ya maumivu, chai, barafu gotini, mazoezi. Kila asubuhi hivyo hivyo tangu nirudi kutoka Mombasa na goti la chuma. Mercy, mtaalamu wa mazoezi wa hospitali yetu, huja mapema kabla jua halijaingia uani. Anakunja goti, mimi nauma kanga. Anasema goti lisipokunjwa majuma haya ya mwanzo litakauka, na likikauka limekauka. Nimemwelewa. Lakini nikijitahidi, mwili unapata moto, na mwili ukipata moto MS, ule ugonjwa wangu wa mishipa ya fahamu, inaamka. Mguu wa kulia una chuma. Wa kushoto una MS. Nisimame na upi?

Jumatano, 5 Februari
Umeme umekatika. Feni imekaa tu. Jicho la kushoto likaingia ukungu, kama mwaka ule ugonjwa ulipoanza, kabla madaktari hawajaupa jina. Dada Zuhura amekuja kutoka Faza kuniuguza. Nimemweleza tena kwamba kinga ya mwili wangu inaila mishipa yangu mwenyewe, ile inayopeleka habari kutoka ubongoni hadi miguuni. Akasema inshallah nikimaliza dawa nitakuwa mzima. Goti litapona. MS haiponi.
Alinifunga kanga mbichi shingoni. Jicho likarudi. Ni joto tu. Naandika "ni joto tu" ili niamini.

Ijumaa, 7 Februari
Mume wangu Athmani yuko msikitini. Nyumba kimya.
Jambo ambalo sitamwambia mtu: mkojo. Unaunguza. Unanibana ghafla, na nikifika chooni na fremu yangu ya kutembelea hautoki. Kila safari ya chooni ni adhabu. Basi nimepunguza maji. Nikinywa kidogo, naamka mara chache. Zuhura akileta gilasi namshukuru, akitoka naimwaga kwenye chungu cha asumini.
Naona haya. Mume wangu tayari ananivisha, ananivua. Na hili pia?

Jumapili, 9 Februari
Mercy alifurahi, goti limekunjika zaidi. Kisha nikasimama, na mguu wa kushoto ukatetemeka, ukapotea. Siuhisi kabisa. Mercy alinidaka kiunoni, la sivyo ningeangukia goti. Akauliza umeanza lini. Nikasema leo. Si kweli. Umeanza Alhamisi.
Naogopa. Sina neno jingine.

Jumatatu, 10 Februari
Umezidi. Mguu wa kushoto ni gogo. Athmani alimpigia daktari wa Mombasa, akaweka sauti tusikie sote. Daktari akauliza kama nina homa. Kidonda kinatoa usaha? Mkojo je? Zuhura alikuwa mlangoni na sinia, Athmani ameshika simu. Nikasema mkojo sawa.
Basi, akasema, huenda MS imeshambulia upya. Nipelekwe Mombasa nitiwe dawa kali ya mshipani. Lakini akaonya kuwa dawa hiyo huilaza kinga ya mwili, na kidonda changu bado kibichi. Vijidudu vikiingia kwenye chuma, chuma kitatolewa. Alisema taratibu sana. Nilitamani apaze sauti.
Tunasafiri Jumatano.

Jumanne, 11 Februari
Zuhura anapanga nguo. Mimi natetemeka kwa baridi, na nje watu wanajipepea.
Nimelala nikiyapima maneno ya daktari. Dawa ya kulaza kinga. Na mimi nina moto huu chini ambao sikuutaja.
Athmani alikuja kunivisha soksi. Nikamwambia afunge mlango.
"Nimemdanganya daktari," nikasema. "Mkojo waniunguza. Ni tangu wiki iliyopita. Na maji sinywi."
Alibaki ameshika mguu wangu. Sikuhisi mkono wake, niliuona tu.
"Hukunambia kwa nini?"
"Naona haya."
"Haya na mimi, Mwanaidi?" Akainamisha kichwa. Niliona nimemuumiza kuliko kama ningemtukana. "Haya, mpigie yeo hii, sasa hivi. Ukishindwa kusema, nitasema mimi."
Nilisema mwenyewe. Daktari hakunigombeza. Akasema nisisafiri, mkojo upimwe hapa hapa leo. Uambukizo wa kibofu, akasema, unaweza kuziamsha dalili zote za zamani za MS bila ugonjwa kushambulia upya. Na ile dawa kali juu ya uambukizo ingeweza kuniharibia goti, pengine na zaidi ya goti.
Nilibebwa juu ya kiti kupitia vichochoro hadi hospitali. Watu waliniona. Sikujali.
Uambukizo upo. Mkubwa.

Jumatano, 12 Februari
Homa. Antibiotiki. Maji, maji tena. Mguu bado gogo. Daktari amesema uambukizo ukiisha na mguu usiporudi, basi ni shambulio kweli. Kwa hiyo nangoja. Naungoja mguu wangu kama mgeni asiyesema anakuja lini.

Ijumaa, 14 Februari
Homa imeshuka. Goti limevimba, limekakamaa, siku zote hizi halikufanyiwa kitu. Nikifikiria mguu, nalisahau goti. Nikikumbuka goti, nahesabu kila siku inayopita kuwa hasara.
Zuhura amejua habari ya asumini. Hakusema nami asubuhi nzima. Adhuhuri akaleta gilasi, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu.
"Kunywa mai. Siondoki hapa mpaka nione tako la gilasi."
Nikanywa. Alikuwa akilia, mimi nikajifanya sioni.

Jumapili, 16 Februari
Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimesogea.
Mercy alisema nifumbe macho. Akaniwekea kitu kwenye wayo, akauliza ni nini. Nikasema baridi. Ni kijiko alichokitoa kwenye barafu. Nilihisi baridi! Nikacheka, kisha nikashindwa kunyamaza. Athmani alikimbia kutoka uani akidhani nimeanguka.

Alhamisi, 20 Februari
Tumerudi mazoezini, kwa masharti. Mapema tu, kidogo kidogo, barafu shingoni, na nikisema basi, Mercy anaacha. Goti limerudi nyuma. Leo lilinitoa jasho na machozi. Lakini maumivu haya nayajua yanatoka wapi. Mguu wa kushoto unabeba uzito, ingawa unaburura. Mkojo hauungui tena. Nimemwambia Athmani, naye akasema alhamdulillahi kama mtu aliyeletewa habari ya harusi.
Bado nashtuka kila mguu ukifa ganzi. Kila mara nauliza ni joto, ni uchovu, au ni shambulio lenyewe?

Jumanne, 4 Machi
Ramadhani imeingia. Sikufunga, daktari amekataza. Athmani alishasema tutalisha maskini badala yake, nisione vibaya. Naona vibaya kidogo.
Goti linakunjika kiasi cha kukaa kitini bila kunyoosha mguu mbele kama ufagio. Vidole vya mguu wa kushoto bado vina ganzi. Daktari hakusema itaondoka. Hakusema itabaki.
Leo nimekaa jikoni na Zuhura, nikamenya viazi vya futari. Alinisogezea beseni karibu ili nisiiname. Viazi vilikuwa na mchanga, maji yakachafuka upesi. Akainuka kuyabadilisha, mimi nikaendelea kumenya.