Kelepi, Mlinzi wa Mgongo wa Mwenzake

Mwaka mzima sasa, Kelepi mjukuu wetu, tangu ulipotutoka ile Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani na sisi tukiwa kando ya kitanda chako tunaimba wimbo wa pili, kwa sababu wa kwanza ulitushinda.

Ulikuwa mtu wa kilo mia moja na arobaini, na ndani ya nyumba ulitembea kama anayeogopa kumwamsha paka. Mlango wa jikoni uliupitia ubavu. Ukiimba sauti nzito kanisani, benchi letu lilitetemeka, na watoto walikuwa wakigombania kukaa karibu nawe ili watetemeshwe. Baada ya chakula cha Jumapili wanaume wenzako walikaa nje kupiga soga, wewe ukaingia kuosha vyombo. Wakikucheka ulisema sinki lako halina maneno mengi kama wao.

Na kila Jumamosi ulinikata kucha za miguu, maana mimi sikunji mgongo tena. Mikono ile iliyokuwa ikisukuma majitu haikuniumiza hata siku moja. Sasa Lute mwanao ndiye anayenikata. Anajitahidi.

Kazi yako haikuwa ya kushangiliwa. Miaka kumi na mitatu ulisimama mwisho wa kushoto katika ukuta wa walinzi wa timu ya mji huu ya mpira wa Kimarekani, mgongoni kwa mrushaji, upande ambao yeye akiinua mkono arushe mpira hawezi kuuona. Mpira wenyewe hukuugusa. Namba yako ilitangazwa uwanjani pale tu ulipokosea. Kwa hiyo wenzangu waliomba ushindi, mimi nikaomba usitajwe, na nikirudi nyumbani sijakusikia nilijua umefanya kazi njema.

Mara moja tu hukuwepo. Goti lilikuweka nje mechi mbili, na katika ile ya pili mrushaji wenu alipigwa kutoka upande wako, akavunjika mtulinga na mbavu, akalazwa majuma matatu. Ulikuwa ukimpelekea supu. Ulirudi kila mara hutaki kula, na ukikaa kimya sana tulijua uko wapi.

Ndipo mwaka wa kumi na tatu timu ikamchagua kijana kutoka Alabama, Cordell Pruitt. Ulimi wangu ulilikataa jina hilo nikamwita Kotelo, na mwisho hata wenzenu wa ukuta wakamwita hivyo. Kila mtu alijua ameletwa kwa nini. Gazeti liliandika kwamba mrithi wako amepatikana. Mkeo Losaline alilificha nyuma ya kabati. Wewe ukaliona, ukalivuta, ukalitandika mezani, ukaweka sahani yako juu yake ukala.

Jumapili iliyofuata ulimleta huyo kijana kwetu. Hukutuuliza.

Leo niseme mbele ya wanaosoma, nilimpokea vibaya. Mafungu ya majani ya majimbi yalikuwa na nyama ya kopo na tui la kutosha, lakini lake nililifunga majani matupu. Alikula lote akanishukuru. Dada yako Fane hakuficha kama mimi. Alimwambia, "Kula ushibe, mwizi. Kiti ulichokalia ni cha kaka yangu, na bado kina moto."

Kijana akasema, "Ndiyo maana nimekalia upande mmoja, dada."

Hata Fane alicheka, ingawa alijifanya anakohoa. Wewe ulichukua sahani yako yenye nyama ukaisogeza mbele yake, ukavuta ile yenye majani ukaimaliza, na hukunitazama mpaka ulipokwisha kula.

Jioni ile, baada ya kumsindikiza, tulikaa jikoni mimi na wewe. Uliniambia kijana ana nguvu kukushinda, ana miguu, ila hana macho. Akisimama mbele ya adui anatazama kifua na uso. Wewe ulitazama vidole. Adui akiwa ameinama, mkono umegusa nyasi, ulitazama kucha zake. Zikiwa nyeupe, uzito wote uko mbele, anakuja moja kwa moja kama ng'ombe. Zikiwa na rangi ya damu, uzito uko nyuma, atazunguka. Na katika kila timu ulijua nani anaramba midomo kabla ya kudanganya na nani anavuta pumzi mbili. Ilikuchukua miaka sita kuyaona hayo na mingine saba kuyaamini.

Mimi nilikushauri. Nilikwambia, "Mfundishe miguu, macho ubaki nayo. Mwaka mmoja wa kumshinda kwa macho unaupata bado."

Ulikuna goti. Kisha ukasema, "Bibi, nikificha, hatavunjika yeye. Atavunjika mrushaji. Anayepigwa ni yule asiyeona."

Nikakwambia basi na wewe ufikirie wanao. Ukasema unawafikiria, ndiyo maana. Nilikwenda kulala nimekukasirikia. Niliona unajifukuza mwenyewe kazini, na kwamba mtu mpole sana watu humkanyaga. Nilikaa nawe siku tatu bila kuzungumza, na wewe ukaniachia, ukawa unaniwekea chai mlangoni.

Ulimfundisha. Majira yale ya joto yote mlikuwa nyuma ya nyumba, wewe umeinama kama adui, mkono kwenye nyasi, yeye amesimama mbele yako anatazama kucha. Akikosea ulimsukuma ndani ya nyanya zangu. Mwezi wa saba sikuvuna nyanya hata moja. Mwezi wa nane zilianza kuiva. Siku hiyo Kotelo aliniita nje kunionyesha shina lililobaki limesimama, kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka.

Mwaka ule ulicheza wewe, yeye akakaa benchi, na mrushaji hakuguswa upande wako. Mwezi wa tatu walikuita ofisini. Losaline alisema hukukaa huko dakika kumi. Ulirudi na boksi lenye viatu na picha ya watoto, Sekona na Lute, ile iliyokuwa imebandikwa kwenye kabati lako la nguo. Uliliweka chini ukakunja mikono ya shati, ukaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nilitaka kukwambia, nilikuonya. Namshukuru Mungu kwamba sikufungua mdomo.

Mwezi wa tano tumbo likaanza. Tulidhani ni kukosa mazoezi. Daktari alipotuita wote ndani, Fane alinishika mkono kabla hajasema, na nikajua. Ulikonda mpaka ukawa unapita mlangoni kama watu wengine, na hilo ndilo lililomliza Losaline, siyo maneno ya daktari.

Kotelo alikuja kila Jumanne, siku yao ya mapumziko. Alileta kile kioo chake cha kompyuta chenye picha za adui wa wiki ile, akakishika mbele ya uso wako, nawe ukanyoosha kidole pale pa kutazama. Sauti ilikuwa imekwisha, kidole kilikuwepo. Mimi moyo uliniuma. Mtu anakufa, naye anaulizwa habari za kucha. Jumanne moja nilisimama nikamwambia kijana aende zake, akuache upumzike. Aliinuka, aibu imemjaa. Wewe ukagonga kitanda na kiganja, ukamwonyesha kiti. Akakaa.

Jumanne ya mwisho alikuonyesha jitu moja kutoka timu ya kusini, akakuuliza, "Na huyu?" Hukunyoosha kidole. Alisubiri. Kisha akatazama mwenyewe, akasema polepole, "Anajifanya anakuja. Atazunguka. Kidole gumba hakijagusa chini." Akaiachia picha itembee, na lile jitu likazunguka.

Ulifumba macho ukasema kwa ile sauti ndogo iliyobaki, "Sasa ndiyo nimestaafu."

Tuliosikia tulikuwa watatu. Siku tano baadaye ukaondoka.

Kwenye msiba nyumba ilijaa mpaka barabarani. Mikeka ya kujifunga kiunoni, vazi la msiba la visiwani kwetu, tuliiweka mlangoni kwa wasio nayo. Kotelo alikuja peke yake, amevaa nyeusi, na akachagua mkubwa kuliko yote, mkuukuu, umechanika, unamfika kifuani. Alidhani mkubwa ndio wa heshima. Hakujua kwamba kwetu aliye juu ya marehemu huvaa mdogo na mzuri, kama aliouvaa Fane, maana kwetu dada yuko juu ya kaka, na ule uliochanika ni wa walio chini yake, wale ambao marehemu ndiye aliyewabeba. Watu walifunika midomo. Mjomba wako mmoja akaenda kumvua.

Fane alikuwa amekaa kichwani pako. Akasema, "Mwacheni nao. Kama kuna mtu hapa aliyebebwa na kaka yangu, ni huyo." Kisha akamgeukia Kotelo. "Lakini wenye mkeka huo hawakai sebuleni. Wako nyuma, wanamenya majimbi."

Alikwenda. Alimenya siku mbili, na hakuna aliyemwambia apake mafuta mikononi kwanza. Alijikuna mpaka makaburini. Fane ndiye aliyempelekea ndimu na chumvi, na tangu siku ile hajamwita mwizi. Anamwita mpishi.

Mwezi uliopita Losaline alinipeleka uwanjani. Sikutaka, nikaenda kwa ajili ya watoto. Tulikaa juu sana, na macho yangu yana utando, namba sizioni, watu wote naona ni rangi tu. Ukuta ukajipanga. Yule wa mwisho kushoto, kabla ya kuinama, akainua bega lake mara mbili, kidogo tu, kama mtu anayeweka mzigo sawa. Wewe ulianza hivyo ukiwa mdogo kule kijijini kwetu Kolovai, ukinibebea kuni, kamba ikikukata. Nilisema kwa sauti, "Yule pale. Amepona."

Losaline hakunisahihisha. Alinishika goti tu, na baadaye nikakumbuka mwenyewe.

Mrushaji hakuguswa siku ile. Watu walipopungua tulishuka mpaka kwenye uzio wa njia wanayotokea wachezaji, na Kotelo akaja kunisalimu, ameoga, nywele bado mbichi. Nilimwuliza nani alimfundisha lile jambo la bega. Akaniuliza, "Bega lipi, Bibi?" Hakuwa na habari. Alijitazama bega kana kwamba ni doa la chakula.

Kelepi, ungenisikiliza siku ile jikoni, leo yote uliyoyajua yangekuwa udongoni pamoja nawe. Nilikushauri vibaya, na wewe kwa adabu yako hukunijibu zaidi ya mara mbili. Naomba unisamehe. Nashukuru hukunisikia.

Lakini yule si wewe. Aliponiaga nikatazama mgongo wake unakwenda, nao ni mgongo wa mtu mwingine. Wenzake wa ukuta wakatoka mmoja mmoja, wakubwa wote, wakaniinamia, wakapita. Taa za ile njia zikaanza kuzimwa. Losaline akasema, "Bibi, twende, wamekwisha."

Nikamwambia tungoje kidogo. Bado mmoja hajatoka.

Unakumbukwa na mimi bibi yako Silia, mkeo Losaline, wanao Sekona na Lute, dada yako Fane na nyumba yake, wajomba na ukoo wote wa Vaomotou hapa na Kolovai, waimbaji wenzako wa sauti nzito, mrushaji wako ambaye mtulinga wake ulipona, na Kotelo, ambaye ameomba jina lake liwe la mwisho.

Siku zote Mungu atakazotupa, Kelepi, tutakukumbuka.