Ukuta wa Mwisho wa Mwalimu Egemea

Mwaka mzima umepita, Babu, tangu utuache, na mlango wa jikoni bado unakwama. Wewe mbunifu wa majengo, mlango wako ulikuwa unausukuma kwa bega. Bibi akilalamika unamjibu, "Uvumilie tu, mke wangu, nao umezeeka kama mimi."

Kabla yako, wanafunzi wa usanifu majengo pale chuoni walichora miaka mitano bila kushika tofali. Wewe ukafunga chumba cha kuchorea mwaka wote wa kwanza, ukawatoa uani wachanganye chokaa na mchanga, wajenge ukuta. Walimu wenzako wakakucheka: "Umetugeuza mafundi." Ukawaacha wacheke. Leo vyuo vingine vinafundisha hivyo hivyo, na waliocheka ndio wanaotembeza wageni uani.

Mtihani wako ulikuwa mmoja. Unakuja na kikombe cha chai, unauegemea ukuta mpaka chai iishe. Ukuta ukibaki wima, wamefaulu. Wakakubandika jina, Mwalimu Egemea. Kisha ukuta unabomolewa, matofali yanasafishwa, yanawasubiri wanafunzi wapya.

Jioni ulirudi koti limejaa chokaa mgongoni. "Umeegemea tena?" Bibi anauliza, huku anakupangusa kwa makofi yaliyozidi kidogo kupangusa.

Ukuta wako wa mwisho wanafunzi waligoma kuubomoa. "Aliegemea hapa," walisema. Wapya wakaja, matofali hakuna, na mkuu wa chuo akaanza kusema basi warudi mezani wachore. Tukaona kazi yako inakufa kwa kupendwa.

Bibi ndiye aliyekwenda. Akapapasa pale ulipoegemea, kisha akawageukia wanafunzi.

"Huu ni ukuta, wanangu," akawaambia. "Kaburi lake nalijua liliko. Bomoeni."

Tofali la kwanza akaling'oa mwenyewe.

Juzi ukuta mpya ulikamilika. Wanafunzi wakabaki kutazamana, hakuna wa kuuegemea. Bibi akaomba chai.

Haukuanguka, Babu. Alirudi nyumbani na chokaa mgongoni, akaketi kwenye kiti chako, na hakutaka mtu yeyote ampanguse.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, mkweo seremala, ambaye Bibi amemkataza kuugusa ule mlango, na sisi wajukuu zako uliotuachia utani wako. Kila tutakapoegemea ukuta, Babu, tutakukumbuka.