Taa Juu ya Cherehani

Mama,

Ninakuandikia kwenye karatasi yako ya patroni, ile ya kahawia iliyobaki nyuma ya kabati. Upande wa pili kuna mkono wa libaya, ile blauzi ya kitenge, ulioanza kuuchora kwa chaki. Sijaufuta.

Sijui kama watu wengine huwaandikia mama zao, lakini sisi tulizoea. Tangu kinini, ile dawa ya malaria, ilipokuchukulia masikio, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, maneno marefu tuliyasemea kwenye karatasi hizi, na yale mafupi ulinisoma midomoni. "Feza, nipe mudomo," ulikuwa ukiniambia huku umenishika kidevu, kwa sauti ambayo wewe hukuisikia na majirani wote waliisikia. Sauti yangu ya utu uzima hukuwahi kuijua. Kwa hiyo kukuandikia hakunipi shida. Shida ni kwamba ulikuwa ukigeuza karatasi na kunijibu.

Nataka kukueleza yaliyotokea kwenye taa yako.

Unakumbuka ilivyokuwa kabla yake. Hapa mtaani Kabondo mtu hagongi lango kwa ngumi. Anasimama nje na kusema ko-ko-ko kwa mdomo, na wenye nyumba wanamwitikia. Wateja wako walisema ko-ko-ko mpaka koo zikakauka, nawe umeinama kwenye cherehani, mgongo kwa lango. Papa alikuwa pale pale, kwenye kiti chake kando ya redio, anasikia vizuri kabisa. Hakuinuka. Alikupungia mkono mpaka umwone, kisha akaonyesha nje kwa kidole, nawe ukaacha kitambaa ukaenda. Ulikuwa ukinitania, "Masikio iko yake, miguu iko yangu. Tuko mutu moja." Papa asipokuwepo, watu walitupa vijiwe juu ya mabati, nawe hukusikia hata hivyo.

Ndipo nikaleta ile kadi ya kijani kutoka maabara ya chuo. Mwalimu mgeni alikuwa ameiacha alipomaliza mkataba wake, na hakuna aliyekuwa anaigusa. Niliiweka mezani pako na kukuonyesha katikati yake mikrokontrola, ubongo wa kadi, nyeusi, ina miguu mingi kama jongoo. Nilikuandikia kwamba miguu yake imepangwa makundi ya minane minane, na kila kundi huitwa mlango. Kila mguu hufanya kazi moja uliyopangiwa, ama kusikia, ama kusema. Ule unaosikia hutambua tu kama kuna umeme au hakuna. Ule unaosema huweka umeme au huuondoa. Basi, hayo ndiyo yote. Ulisoma, ukaishika kadi ukaigeuzageuza, ukaniandikia chini yake: "Kama iko na masikio mingi hivyo, inipe moja."

Nilicheka, halafu nikafanya hivyo.

Tulitega ubao langoni, chini yake vipande viwili vya bati vinavyogusana mtu akiukanyaga. Kutoka hapo waya ulipita chini ya udongo hadi kwenye mguu unaosikia. Mguu unaosema uliamuru relei, ile swichi ya sumaku, nayo ikawasha taa niliyoifunga mbele ya macho yako, juu ya cherehani. Na chini ya meza, kando ya pedali ya cherehani, niliweka pedali nyingine ndogo ya kuizima. Shefu wa maabara alipoona mchoro wangu alinidharau. "Kifungo na taa? Sitwayeni Feza," akaniita kiserikali, "kwa kazi hiyo waya inatosha." Nikamjibu kwamba mama yangu hainui macho kila dakika. Mteja akikanyaga na kuondoa mguu, taa lazima iendelee kumwita mpaka yeye mwenyewe aitikie. Waya mtupu hauwezi kukumbuka kwamba kuna mtu anangoja. Shefu akasaini kadi ibaki kwetu.

Umeme ulipokatika kadi ilisahau kila kitu, na kila uliporudi ilibidi kuiandikia upya kazi yake, namba baada ya namba, kwenye vile vibonye vyake. Nilidhani kazi hiyo itakuwa yangu. Siku moja nilirudi kutoka chuoni, umeme ulikuwa umekatika na kurudi, na taa inafanya kazi. Ulikuwa umezikariri namba zote kama unavyokariri vipimo vya kiuno na kifua. Ulizibonyeza bila kuvua kastabini kidoleni. Ukaniambia, "Ni kama kushona. Ukikosa moja, unafumua."

Mama, sijawahi kukuambia nilivyofurahi siku ile. Niliogopa nikilia utadhani nimekasirika.

Watu walijifunza haraka. Baada ya muda hakuna aliyesema ko-ko-ko kwetu tena. Walipanda juu ya ubao, wakanyamaza, wakangoja. Hata yule mama aliyekuja na kitenge cha chama na kukusisitizia kwa vidole uso wa Rais ukae mgongoni, si matakoni, alisimama pale kimya kama yuko kanisani.

Kisha ukasema kichwa kinauma, ukalala mchana, na hukuamka. Hilo unalijua kuliko mimi.

Siku ya kilio wanaume waliitoa meza yako sebuleni ili upate mahali pa kulala katikati ya nyumba, na wanawake wapate kukaa kukuzunguka. Waliibeba na cherehani, na kadi, na nyaya zote, wakaiweka kwenye baraza chini ya turubai. Baada ya maziko wakairudisha. Sikuiangalia. Nilibonyeza namba kwa sababu umeme ulikuwa umerudi na mikono yangu ilihitaji kitu cha kufanya.

Jioni ile taa ikawaka. Papa alinyanyuka kwenye kiti chake. Nilitazama mara mbili, maana ni kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alienda mpaka langoni, akafungua, akasimama, akafunga, akarudi, akaizima taa kwa ile pedali yako. Hapakuwa na mtu. Muda kidogo ikawaka tena. Akanyanyuka tena.

Tantine Mwamini, dada yake Papa aliyetoka Kindu kwa ajili ya kilio, aliacha kukoroga sombe, yale majani ya muhogo. "Ni yeye," akasema. "Anaombaka mulango." Na kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua. Walioleta vitambaa hawakuvifuata. Niliwaona wakivuka kwenda upande wa pili wa barabara wakifika kwetu, hata wale uliowashonea nguo za ubatizo. Tantine alinitazama kama mimi ndiye niliyefungua kaburi. "Wewe na mashini yako ya wazungu. Umemufungia mama yako njia."

Nilijua sababu siku ya pili. Nilikaa mezani pako Papa akiwa anaoga, nikaigeuza kadi. Pembeni ya mguu unaosikia kulikuwa na rezistansi, kile kijiti chenye mistari ya rangi, na mguu wake mmoja ulikuwa umekatika. Ilikatika meza ilipobebwa. Kazi ya rezistansi ile ni kuushikilia mguu kwenye umeme kwa upole, ili usiwe na shaka wakati hakuna mtu langoni. Mlango ule wa kadi hauna cha kuushikilia kwa ndani. Bila rezistansi, mguu unaning'inia hewani, hauna jibu lake mwenyewe, na unakubali chochote kinachopita. Na waya wetu ni mrefu kama antena. Pikipiki ikipita, unadhani ni mtu. Mvua ikilowesha udongo, unadhani ni mtu.

Kazi ya dakika chache. Nilikuwa na rezistansi nyingine kwenye mkebe wa vifungo vyako. Sikuiweka.

Nitakueleza kwa nini. Tangu tulipokuzika Papa alikuwa hali, hasemi, redio haiwashi. Kitu kimoja tu kilimnyanyua kitini, nacho ni taa. Alivaa viatu kwa ajili yake. Alichana nywele. Nilifikiri, nikiiponya hii kadi, nitamwondolea mke wake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Nikikaa kimya, namwacha baba yangu akimfungulia lango mtu asiyekuwepo. Nilibeba mambo hayo mawili chuoni na kurudi nayo, na hakuna hesabu niliyofundishwa iliyonisaidia. Ungekuwepo ningekuandikia. Nilishika hata chaki.

Mvua za jioni zikaanza. Mvua ndiyo iliyoisumbua zaidi taa, na Papa alitoka kila mara, bila mwavuli, akarudi kifua kinapiga filimbi. Na shefu wa maabara akatuma neno kwamba wanafunzi wanakaribia mitihani, kadi irudi. Jioni moja Papa alipokuwa anafuta miguu mlangoni, taa ikawaka tena nyuma yangu, na nikasema kabla sijajua nitasemaje. "Papa, kaa. Si Mama."

Nikamweleza yote. Rezistansi, antena, pikipiki. Nilisema polepole na kwa uso, kama nilivyozoea kusema na wewe, hata nikasahau kwamba yeye anasikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaizima taa kwa mguu na kusema, "Nilijua."

Sikuelewa.

"Mama yako hakukanyagaka ile ubao hata siku moja," akasema. "Angalia vizuri kwa kichwa yako. Akitoka soko, na kapo kwa kichwa, anarukaka. Aliniambia, taa ni ya kuniita mimi, sasa mimi nijiite juu ya sababu gani?"

Nikaangalia kichwani mwangu, Mama, na nikakuona. Unainua kitenge kidogo kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kapu kichwani, na unauruka ubao kama mtu anayeruka mfereji. Mamia ya mara. Mimi niliyeutega ubao ule sikuwahi kuliona hilo. Papa, aliyekuwa hainuki kitini, ndiye aliyeliona.

Nikamuuliza, kama alijua, alikuwa anaenda kufanya nini langoni.

Alivua viatu vilivyolowa, akasema, "Taa ikiwaka, mutu anaenda. Miaka yote alienda yeye. Nilikuwa nakaa hapa na masikio yangu. Sasa ni zamu yangu, hata kama hakuna mutu. Nilikuwa najifunza njia." Kisha akakohoa, na kwa sauti yake ya zamani, ile ya alipokuwa akifanya kazi posta, akasema, "Bon. Tengeneza hiyo kitu. Nimechoka kusalimia pikipiki."

Umeme ulikuwa umekatika wakati huo, kwa hiyo tulipasha chuma cha kulehemu kwenye makaa ya Tantine. Papa alishika tochi. Kila mara aliisogeza ili aone vizuri, mwanga ukawa unacheza juu ya kadi, nami nikamgombeza kama wewe ulivyokuwa ukimgombeza, na akafurahi kugombezwa. Tantine alikaa jikoni akiomba kwa sauti ili tumsikie. Umeme uliporudi nilibonyeza namba zako. Taa ikabaki imezimika. Pikipiki ikapita. Tukaitazama taa wote watatu, Tantine akiwa mlangoni pa jikoni. Giza tupu. Tantine akaacha kuomba, akaja kukaa karibu na Papa. Sijui kama alisadiki, lakini alimpikia samaki kesho yake, na Papa akala.

Samaki huyo ndiye ninayetaka kumalizia naye. Mama Lisungi, muuza samaki wa kwenye maporomoko, ambaye mumewe hutega mitego kwenye miamba, alikuwa hajatufikia tangu kilio. Kesho yake hiyo, saa nne asubuhi, taa ikawaka. Mimi nilikuwa mezani pako, nikaanza kunyanyuka, na Papa akaniwekea mkono begani. Akaenda yeye. Nilisikia lango, halafu sauti ya Mama Lisungi.

"Iko mimi, papa. Usiogope. Muzimu hauuzake samaki."

Na Papa akacheka. Si sana. Lakini ulikuwa ukiniuliza kwa maandishi, "Papa anachekaka namna gani siku hizi?" na mimi nilishindwa kukuandikia sauti. Ni kama mtu anayesukuma lango lenye kutu, Mama. Haijabadilika.

Kadi nairudisha chuoni wiki ijayo. Nilidhani hatutaihitaji tena, maana sisi tuliobaki humu wote tunasikia. Lakini watu wamesahau ko-ko-ko kwetu. Jana tuliichomoa ili nijaribu kitu, na baadaye tukamkuta mteja wako juu ya ubao, kimya, anangoja kwa adabu, jua likimchoma. Alikuwa amefuata nguo yake. Wewe ndiye uliyewafundisha kungoja hivyo. Kwa hiyo natafuta relei mbili kwa wale wanaouza vyuma vya redio za ndege za zamani kule uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Relei mbili zikifungwa vizuri zinaweza kukumbuka kwamba kuna mtu langoni, bila mikrokontrola, na taa ikishazimwa ziko tayari kwa anayefuata. Shefu atasema alijua tangu mwanzo. Nitamwacha aseme.

Mkono wa libaya hapo nyuma nitaukata na kuushona nikishajifunza. Pumzika, Mama. Hakuna mtu atakayesimama kwenye lango lako bila kufunguliwa, hilo ninakuahidi, na Papa anasema niandike kwamba na yeye anaahidi. Nasi wenyewe tukirudi nyumbani tunauruka ubao. Yeye anauruka vibaya, anashika nguzo kwanza. Lakini anauruka.

Binti yako,
Feza