Kahawa Iliyonywewa Mapema

London

Shikamoo Mama,

Hayo magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila baridi ya huku imeniingia mpaka kwenye meno. Kaka Salim kaniambia wewe na mama mdogo bado hamsemezani. Limenikaa moyoni hilo, ndiyo maana leo naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Nilikwambia habari za Ammi Yusuf, yule mzee wa Kipalestina ninayemtunza karibu na Edgware Road. Alitolewa kijijini kwao karibu na Haifa kwenye vita vya 1948 akiwa bado ananyonya, akakulia kambini Lebanon, na mpaka leo cheti chake cha kusafiria kinasema hana uraia wa nchi yoyote. Serikali ya huku ilipotangaza kuitambua Palestina kuwa nchi, jirani alimletea keki. Ammi akashukuru, kisha akauliza, "Sasa nirudi wapi?" Jirani akainama kukata keki.

Miaka ya tisini alikuwa mkalimani wa ujumbe wa Wapalestina kwenye mazungumzo ya amani na Israel, na rafiki yake wa kambini, Abu Walid, alikuwa mshauri humohumo. Walipoambiwa suala la wakimbizi kurudi makwao liwekwe kando, litazungumzwa baadaye, Abu Walid alikubali. Ammi akaacha kazi, akaacha na urafiki. Hiyo baadaye, Mama, haijafika.

Mwezi uliopita Abu Walid akapata viza ya kuja kumwona binti yake, akaja kutubishia hodi. Nikapika kahawa. Akaweka kikombe mbele yake, hakukigusa. Akasema, "Yusuf, nimekuja kukuomba radhi." Ammi akawa anatazama dirishani. Mimi nikaona aibu: mgeni kakaa, kahawa inapoa, nyumba gani hii? Unajua ulivyotulea. Nikamkazania, "Karibu mzee, kunywa, inapoa." Akakataa. Nikamshikisha kikombe mkononi. Maskini, akaona haya, akanywa.

Ammi akacheka, kicheko kibaya. Akanieleza kwamba kwao mtu aliyekuja na ombi zito hanywi kahawa mpaka mwenye nyumba amkubalie. Akishakunywa, hana tena cha kudai. "Ndivyo tulivyofanya kule kwenye meza ya mazungumzo," akamwambia mwenzake. "Tulikirimiwa, tukanywa, na ombi letu bado limesimama mlangoni." Abu Walid akachukua kofia yake, akaondoka.

Kesho yake Ammi akaniambia alikuwa karibu kusema ndiyo, alikuwa anatafuta maneno tu. Nilijuta, Mama, na bado najuta. Nikamwambia basi tumwite. "Aje mwenyewe," akasema. Ukaidi wa kizee unaujua. Alipolainika, binti akatuambia viza ilikwisha, baba karudi kambini, na nyingine hatapewa. Na Ammi kwa miguu ile hafiki hata kituo cha basi.

Tukampigia hukohuko, sauti inakatikakatika. Ammi akapaza sauti kama anayeita ng'ambo ya bonde. "Nimekusamehe! Kunywa kahawa yako!"

Abu Walid akajibu, "Nilishakunywa, ndugu yangu. Tulishakunywa sote."

Ammi akanirudishia simu, akaniomba nimfunike miguu. Tangu siku hiyo hataki kahawa, anataka chai.

Nisalimie Kaka Salim na shemeji, na mwalimu wangu wa chuoni, mwambie Kiarabu chake kimenifaa. Nisalimie na Bi Time jirani, upate na kisingizio cha kutoka nje.

Na mama mdogo akija, Mama, maana Kaka anasema alishafika mpaka barazani akarudi, usikimbilie kumwekea chai. Mwache akae, aseme lililomleta, nawe umjibu kwanza. Chai ikipoa hupashwa moto.

Mwanao anayekukumbuka,
Khamis