Mtungi Wenye Nukta Mbili Nyekundu

Jumapili, 8 Juni 2025

Tak.

Hiyo tu. Kavu, fupi, kama mtu anabangua korosho kwa meno. Tangu alasiri imekaa sikioni. Nilikuwa chini barazani, betri katikati ya magoti, vali ya umeme mkononi. Nikagusisha waya – tak! – kitu kikaruka ndani yake kama kina roho. Nikagusisha tena. Na tena. Mama akauliza kutoka jikoni ni nani anabangua korosho Idd ya pili.

Kwa hiyo inafanya kazi. Vifaa vya nitrasi, gesi ya kuongezea injini nguvu, viko kwenye boksi chini ya kitanda changu tangu Machi, nami nimekuwa nikivitazama kama binti anayetazama picha ya mchumba wa mbali. Sasa shule imefungwa. Kidato cha tatu wamekwenda makwao na kemia yao. Tarehe 22 kuna mashindano ya magari kwenye uwanja wa zamani wa ndege, kule kwenye shamba la mkonge. Mark Two yangu itakuwepo, mtungi wa bluu kwenye buti.

Nimeshaandika. Siwezi kukana.

Jumanne, 10 Juni

Maelekezo yanasema: toboa bomba la hewa, kaza pua ya kupulizia gesi. Basi. Aliyeandika hajawahi kutoboa kitu ambacho cha pili chake hakipatikani.

Drili nimeazima kwa Umesh wa duka la spea. Nikapima, nikaweka alama, nikasoma bismillahi, nikaanza. Drili imezama nusu – umeme ukakatika. Nusu tundu ni kitu kibaya kuliko kukosa tundu. Nikakaa kwenye ndoo nikilitazama. Kuku wa Mama akaja, akalitazama naye, akaondoka.

Umeme uliporudi mkono ulikuwa umeshachoka kungoja. Tundu limepinda. Nimerudi kwa Umesh kuomba raba ya kuzibia pembeni. Akalitazama bomba, akanitazama mimi, mafuta meusi hadi kwenye nyusi.

"Dada Shamsia, unatengeneza gari au ndege?"

Nikamwambia ndege. Akanipa raba mbili, moja ya akiba. Ananifahamu.

Alhamisi, 12 Juni

Petroli! Petroli kwenye nywele, kwenye kwapa, kwenye chai. Nati za mfumo zimepimwa kwa inchi, gari limepimwa kwa milimita, spana zangu zinateleza katikati kama mtoto wa mke wa pili. Nimekaza mpira wa petroli mara tatu, na mara tatu kwenye maungio limetokea tone moja. Moja tu. Linaning'inia, linang'aa, linanicheka.

Mama amenikataza kukaa mezani. Nimekula ugali wangu barazani, kwa dagaa. Sikuumia.

Nilikuwa nikiwaza swali ambalo wanafunzi hukosea kila mwaka. Wanaandika nitrasi huwaka. Haiwaki. Inaupa moto oksijeni, moto ndio unaowaka zaidi. Mtu aliyeikuta peke yake angesema ni gesi ya bure isiyo na kazi. Kuna watu wa namna hiyo. Sijui kama mimi ni mmoja wao au ni moto wenyewe unaongoja.

Tone limekauka saa kumi. Mara ya nne nilikaza huku nikiimba.

Ijumaa, 13 Juni

Kimya.

Kila kitu kimeungwa. Swichi nyekundu ipo kwenye dashibodi. Kazi yake ni kuruhusu, lakini gesi haifunguki mpaka pedeli ya mafuta ifike chini kabisa na kubonyeza swichi ndogo pale sakafuni. Mtungi nimeufunga kwa usalama, nikawasha umeme, nikakanyaga mpaka chini. Nikangoja tak yangu.

Kimya. Fyuzi nzima. Nyaya nzima. Waya wa ati, ule unaofungwa kwenye bodi, nimeukwangulia rangi, nimeuhamisha mara mbili. Kimya!

Jumapili, 15 Juni

Jabiri amemleta Bibi kutoka Handeni. Jabiri ni mtoto wa mjomba, binamu yangu, kwa hiyo ana leseni ya kunitukana na mimi ninayo yangu. Subaru lake liliingia uani likinguruma, kwenye kioo cha nyuma pamebandikwa kwa herufi za dhahabu: MFALME WA MKONGE.

Akafungua boneti yangu bila kuomba. Akatazama nyaya. Akasema ni kazi safi sana, angependa kuiona siku itakayofanya kazi. Akasema walimu wa kemia waendeshe baiskeli, zina hewa yake. Nikamwuliza kama mfalme huwa anasukumwa kama alivyosukumwa mwezi uliopita pale Makuyuni. Bibi alicheka mpaka ushungi ukamdondoka.

Tukaendelea hivyo hadi kikawa kitu cha kweli. Tarehe 22, yeye na mimi, mbio moja. Nikishindwa, mfumo wote wa nitrasi unafunguliwa na kuhamia kwenye Subaru lake. Akishindwa, anabandua ufalme wake kwenye kioo, palepale, watu wakiangalia.

"Bibi, umesikia?" Jabiri akauliza.

"Nimesikia. Na nyie mmenisikia nikisikia."

Basi limekwisha. Kwetu neno lililotamkwa mbele ya Bibi halirudi. Mjomba Mhina aliacha sigara kwa neno kama hilo, miaka ishirini iliyopita, na mpaka leo anapita mbali na wavutaji.

Vyote nilivyofunga kwa mikono yangu. Tundu lililopinda. Nati za inchi. Viende kwa Jabiri!

Na bado ni kimya.

Jumatatu, 16 Juni

Kimya. Nimeota waya.

Jumanne, 17 Juni

ZULIA!

Asubuhi niliingia kichwa chini, miguu juu ya kiti, tochi mdomoni, nikasukuma pedeli kwa mkono. TAK. Karibu nimeze tochi. Nikakaa vizuri, nikakanyaga kwa mguu. Kimya. Kwa mkono, tak. Kwa mguu, kimya. Nikaanza kujishuku mguu.

Halafu nikainua kapeti ya gari. Chini yake kuna zulia! Kipande kinene cha zulia la sebuleni, kimekatwa vizuri, kimeshonwa ukingo. Mama alikiweka wiki iliyopita, ili mafuta ya viatu vyangu yasichafue sakafu ya gari litakalombeba Hafsa siku ya harusi yake. Nikikanyaga, pedeli inafika kwenye zulia inasimama, unene wa kidole juu ya swichi. Nilipoingiza mkono, nilikuwa nimelisogeza zulia bila kujua.

Siku nne! Nimepima kila waya wa gari hili kwa sababu ya upendo wa mama yangu.

Nimemwambia. Akasema, kwani hilo zulia limekosea nini?

Jumatano, 18 Juni

Mzee Sadala, msimamizi wa uwanja na mwamuzi wa mashindano, ameniruhusu kujaribu mara moja. Mkonge kulia, mkonge kushoto, lami kuukuu katikati. Gia ya pili. Swichi nyekundu. Mguu chini kabisa.

Tak – halafu gari halikukimbia. Lilisukumwa. Kama mkono mkubwa mgongoni, bila hasira. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Sekunde nne tu, nikaachia. Injini nzima, joto halijapanda, hakuna tone popote.

Nimerudi polepole sana, kama mtu aliyebeba mayai. Gesi iliyobaki yatosha Jumapili. Ni lazima itoshe: mtungi haujazwi Korogwe wala Tanga, ni Dar tu, na kwa miadi.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika harakaharaka, nimeitwa kumenya vitunguu saumu. Kesho Hafsa, binti wa Mama Mkubwa Fatu, anaolewa kule Handeni. Gari langu ndilo la bi harusi, buti lazima libebe masanduku yake. Kwa hiyo nimeutoa mtungi, nikauvika khanga yenye maji, nikauweka nyuma ya mlango wa jikoni. Ndipo penye baridi nyumba nzima, nao haupendi joto. Jumapili asubuhi naurudisha.

Mama yuko sakafuni na rangi ya kucha, anatia alama vyombo vya kupeleka shughulini. Sufuria, masinia, majagi, mwiko. Kila nyumba ina alama yake ili chombo kijue kwao. Yetu ni nukta mbili nyekundu. Amenifurahisha tu kumtazama – ulimi nje kidogo, kama anayeandika mtihani.

Jumamosi, 21 Juni

Handeni. Wamelala wote, Hafsa amekwenda kwake, nami nacheka na sijui kwa nini nacheka.

Nilifika na bi harusi saa tano, maua kwenye boneti. Nikazunguka nyuma kwenye mapishi kumsalimia Bibi, aliyetutangulia. Katikati ya mafiga, karibu na sufuria kubwa la pilau – mtungi wangu. Bluu. Nukta mbili nyekundu shingoni.

Nilikimbia na gauni la shughuli. Nikaugusa. Mwepesi.

Nimekusanya habari kwa vipande. Alfajiri walipopakia vyombo kwenye kirikuu, shangazi mmoja aliukuta nyuma ya mlango. Mtungi, jikoni, umevikwa khanga kama mgeni, na Mama alikuwa ameshautia alama pamoja na vyombo vingine – aliona mtungi, akajua ni mtungi. Handeni wakataka kuchemshia chai. Mpira wa jiko ukakataa kuingia. Mama Mkubwa Fatu akafungua koki kidogo aone kama una kitu. Ukapiga mluzi, ukatoa harufu kali, na kuni zilizonyeshewa usiku kucha, zilizokuwa zikifuka moshi tu tangu alfajiri, zikapasuka moto mweupe. Wakaruka. Wakajaribu tena, kwa mbali. Halafu wakaacha kuogopa, jambo ambalo likinijia linanitoa jasho hadi sasa. Kila moto ulipozubaa, waliupa pumzi.

"Gesi yenu ya Korogwe ni kichekesho," Mama Mkubwa akaniambia, macho mekundu ya moshi, ana furaha kabisa. "Yenyewe haiwaki. Lakini inawasha!"

Kidato cha tatu wote hawajawahi kulijibu lile swali vizuri hivyo. Nilitaka kulia, nikamkumbatia. Halafu nikamweleza kwa upole kilichokuwemo na kingeweza kufanya nini, naye akakaa chini akaomba maji.

Pilau liliiva kabla ya ndoa kufungwa. Kila mgeni alilisifu. Nitrasi yangu yote, sahani mia mbili na kitu.

Mama hakula. Alikaa pembeni akikwangua nukta nyekundu kwa ukucha.

Jumapili, 22 Juni

Uwanjani. Naandikia kwenye usukani. Mbele yetu kuna jozi tatu.

Njia nzima kutoka Handeni Mama alikuwa akitafuta mlango wa kunitoa. Tuseme gari limeharibika. Tuseme ninaumwa. Tumwombe Jabiri, ni ndugu, ataelewa. Bibi alikuwa kiti cha nyuma, mtungi mtupu umelala mapajani mwake.

"Neno lilitolewa mbele yangu," akasema, "halikutolewa mbele ya mtungi."

 

Nyumbani nikarudisha plagi za zamani, za siku za bila gesi, nikatoa tairi la akiba, jeki, kila chenye uzito. Zulia nalo, Mama alikuwa amelirudisha kwa ajili ya harusi. Waya wa swichi nyekundu nimeuchomoa, ili kidole changu kisije kikatumaini. Mtungi nimemwachia Bibi. Amekaa naye pale kwenye viti vya watazamaji, wamekaa kama mtu na shoga yake.

Nikamwendea Jabiri nikamwambia kila kitu. Kuni, koki, pilau. Alikuwa ameshasikia, lilizunguka shughuli nzima. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Mwalimu, mtu mwenye mtungi mmoja hawezi kuupeleka kwenye pilau. Huo mwingine uko wapi?"

Nikamwapia. Nikamfungulia buti. Akatazama chini ya viti, akabisha hodi kwenye milango, akainua kapeti. Kadiri alivyokosa kitu ndivyo uso wake ulivyozidi kubadilika. Tangu hapo amefungua boneti ya Subaru mara mbili na kuifunga. Ananitazama miguu. Nimevua viatu – basi tu, naisikia pedeli vizuri zaidi – na yeye ameliona hilo pia.

Nitashindwa, nadhani. Nimepiga hesabu: uzito wangu, nguvu zake. Kwenye karatasi nimeachwa urefu wa magari matatu. Lakini karatasi haina mtu anayejipangusa viganja kwenye suruali.

Jozi mbili.

Jabiri amekuja dirishani sasa hivi. Mpole, upole ambao sijawahi kuuona kwake. Amesema jua ni kali, lami imelainika, tuahirishe, mwezi ujao ni mzuri zaidi, Bibi ataelewa. Mwezi ujao! Mwezi ujao ninakwenda Dar, ninarudi na mtungi umejaa, tak yangu, mkono ule mgongoni. Alikuwa ananipa kila kitu nilichoomba kwa Mungu njia nzima, na hajui.

Mzee Sadala ananipungia nisogee.

Nimeshamwambia Jabiri hapana, neno lilitolewa mbele ya Bibi. Nimeshapandisha kioo.