Nimetoka Matangani na Kofia ya Marehemu

Mwabungo, Jumamosi, 1999. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imebaki fukuto na mbu.

Leo sielewi kitu. Niandike hivyo hivyo, pengine mambo yatajipanga yenyewe.

Mzee Bakari, mwenye nyumba wangu, alifariki juzi. Nilikuwa zamu hotelini Diani, naoka mikate ya wageni, na niliporudi jioni wameshamzika. Najua ndivyo wafanyavyo Waislamu, lakini iliniuma. Tangu nivuke mpaka kuja Kenya kutafuta kazi, huyu ndiye mtu wa kwanza aliyenitania.

Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia natoka Tabora. Akaitikia marahaba, kisha akaangua kicheko: "Kumbe Mnyamwezi! Sasa wewe mpagazi, mzigo wa watu umeutua wapi?" Nikamjibu kuwa babu zake walikuwa wavivu hata wa kubeba vikohozi vyao, ndiyo maana wakawatafuta babu zangu wawabebee mizigo ya misafara. Alicheka mpaka akapaliwa. Kuanzia siku ile akawa ananiita Mpagazi, nami nikajua nimepata mtani.

Sasa kwetu, mtani haji msibani kulia. Huja kuharibu kilio. Huvaa nguo za marehemu, humwigiza, huwachokoza wafiwa mpaka wacheke na machozi yao usoni. Asipofanya hivyo watu hununa, husema hakumpenda.

Mimi nilimpenda. Basi jioni ile ile nikafanya.

Kofia yake ilikuwa imetundikwa msumarini barazani. Nikaivaa. Nikakohoa mara mbili, kile kikohozi chake cha kila jioni, ambacho mkewe, Bi Mwanasha, akikisikia huteleka kahawa kabla mzee hajaingia. Kisha nikasema kwa sauti yake: "Nyie nyote mwala wali wangu kwa ruhusa ya nani? Huko nilikokwenda hakuna kahawa, nimerudi!"



Wazee jamvini wakainamisha macho. Mmoja akasema, "Astaghfirullah." Ndani, kwa wanawake, sauti ya Bi Mwanasha ikapasuka mara moja tu. Ilikuwa kilio au kicheko? Mungu wangu, sijui mpaka sasa.

Suleimani, mwanawe mkubwa, alinishika mkono akanitoa nje. Hakunipiga wala hakunitukana. Heri angenipiga, ningejua nimesimama wapi.

Nilipofika chumbani kwangu, ndipo nikagundua kofia bado ninayo kichwani.

Jana kazini nilimsimulia mwenzangu mmoja, Mdigo wa Msambweni. Alishika kichwa. "Ebo! Hata sisi tuna watani, ndugu yangu, lakini ni wa ukoo. Wewe umeshuka basi juzi, nani kakupa utani huo?" Nikasema ni mzee mwenyewe. Akasema basi shahidi wangu yuko kaburini. Alicheka, mimi sikuweza.

Sikuweza kwa sababu ni kweli. Tangu zile vurugu za mwaka juzi za kuwafukuza watu wa bara, mtu wa kuja hapa hutazamwa mara mbili. Mzee ndiye aliyekuwa akiwaambia watu, "Huyu ni wangu." Sasa nani atasema? Asubuhi nimepita uani nikatoa salamu, nikajibiwa na kuku. Chumba changu kiko nyuma tu ya nyumba yao, na kuvuka ule ua kurudisha kofia nimeshindwa. Nimeanza kukunja nguo, kisha nikazikunjua, kisha nikazikunja tena. Kwetu ningesifiwa, hapa nimekuwa kichaa, na mtu ni yule yule!

Alasiri Suleimani akabisha hodi. Nikamnyooshea ile kofia, nimeikung'uta vizuri. Hakuipokea. Alisimama mlangoni anaangalia pembeni, akasema kama mtu aliyetumwa neno asilolipenda: "Mama asema kesho ni hitima. Asema Mpagazi aje. Na kofia asiilete mkononi, aje ameivaa."

Akaondoka bila kuaga.

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita Mpagazi ila mzee. Je, Bi Mwanasha ananisamehe, au anataka niaibike mbele ya watu wote? Nimeijaribu kofia tena. Inanibana.

Nguo nimezirudisha kwenye sanduku la mbao, si kwenye mkoba wa safari. Kesho nitakwenda. Ila nikifika pale mlangoni, nipige hodi kama wageni wengine, au nikohoe?